Ile Yenye Dawa

Walimwita Kasi kwa sababu ya vidole vyake. Bibi harusi aliyechelewa kuamka, mwanafunzi anayerudi bweni kesho yake, mwenye usaili wa kazi mchana, wote walipanga foleni kwenye kiti chake hata kama viti vingine vilikuwa vitupu. Ukikaa pale na kichwa kilichovurugika, ukaanza kumsimulia habari za mawifi zako, kabla hujafika patamu alikuwa ameshakushikia kioo cha nyuma uangalie kisogo. Wapo waliolalamika kwamba anawamaliza kabla umbea haujaisha.

Saluni ilikuwa yake na msusi mwenzake, mwanamke mfupi mwenye mdomo mwepesi, aliyemwita Kasi "dada" ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Kilikuwa chumba kimoja kirefu, vioo upande mmoja, sinki mbili za kuoshea nywele mwishoni, na sakafu ya vigae isiyokauka sawasawa. Mtu akiingia alipokewa na harufu ya mafuta ya nywele na ya ncha za nywele bandia zilizotoka kuunguzwa kwa kiberiti.

Kuinusa harufu hiyo ndiko kulikotangulia kumpotea Kasi. Siku moja mwenzake alinusa kitu kinaungua, akakitafuta chumba kizima, akakikuta kwenye kopo lililokuwa hatua moja kutoka aliposimama Kasi. Nywele zilizotupwa mle zilikuwa zinafuka moshi na yeye hana habari. Wakacheka, wakasema ni mafua. Baadaye mkono wa kulia ukawa mzito. Haukutetemeka sana, ila ukiwa umetulia kidole gumba kilijisugua chenyewe kwenye kidole cha pili, kama anaviringisha punje ya mchele. Mistari aliyokuwa akiisuka bila kuitazama ikaanza kupinda. Kisha mteja wa miaka mingi akamuuliza kwa upole kama kuna jambo amemkosea, maana tangu ameingia amenuniwa. Kasi hakuwa amemnunia mtu. Mteja alipoondoka alijitazama kwenye kioo akajaribu kutabasamu. Tabasamu lilikuja polepole, likafika nusu ya uso, likaishia hapo.

Alilificha jambo hilo mpaka alipoanguka. Alianguka saluni, akaanguka tena, na mara ya pili alirudi nyumbani na jicho limevimba. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu asiyekubali kwamba mashine inaweza kuacha kufanya kazi bila sababu. Alimtazama usoni, akaweka bisibisi chini, na kesho yake wakaenda hospitali kubwa.

Huko walimkuta daktari wa mishipa ya fahamu, mzee mwenye sauti ya chini ambaye hakuwa na papara. Alimwambia Kasi afungue na kufumba vidole haraka haraka, na Kasi aliona aibu jinsi vidole vilivyokuwa vikikata tamaa katikati. Akamtembeza kwenye korido huku akiangalia mkono wa kulia, ambao ulining'inia tu bila kupunga. Akasimama nyuma yake akamvuta mabega kidogo, na Kasi akarudi nyuma hatua kadhaa hadi akadakwa. Maswali mengi yaliulizwa, na mengi yalijibiwa na mume, kwa kuwa sauti ya Kasi nayo ilikuwa imepungua na kusema kulimchosha. Mume akasema mke wake anaanguka anguka. Daktari akaandika hivyo.

Wakapewa vidonge vya kujaribu. Waliporudi baada ya muda hakukuwa na nafuu yoyote. Kasi akapigwa picha ya ubongo, na wasomaji wa picha wakasema hawaoni kitu cha kuamua huku wala huku. Hapo ndipo daktari alipowakalisha na kuwaeleza. Upo ugonjwa wa Parkinson, ambao haponi mtu, lakini una dawa, na mwili huisikia dawa hiyo kwa miaka mingi. Halafu yapo magonjwa mengine yanayofanana nao sana mwanzoni. Hayo hayaisikii dawa na yanakwenda mbio: mtu anaanza kuanguka mapema, sauti inakwisha, kumeza kunakuwa shida, na haichukui miaka mingi kabla hajalazwa kitandani moja kwa moja.

"Sina uhakika, mama," alisema. "Lakini dawa haijakusaidia, na umeanza kuanguka mapema mno. Naogopa ni moja ya hayo mengine. Ni vizuri mjiandae."

Kujiandaa kukaanza siku hiyo hiyo. Mume alichukua mabomba ya chuma akayakata, akayapinda na kuyafunga kwenye ukuta wa bafu, mengine kando ya kitanda, mengine kwenye kona ya kuingilia jikoni, mpaka binti yao akasema nyumba imekuwa kama basi. Alifanya kazi hiyo akipima urefu wa mkono wa mkewe kwa kamba. Ilipokwisha alikaa kwenye ngazi ya mlango akiwa bado na kamba mkononi, na Kasi alimwacha hapo.

Binti alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa amemaliza kusomea upimaji wa ardhi na amepata kazi katika mji wa mbali, kazi aliyoililia. Alitangaza kwamba haendi akiwa anasuuza sahani, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayesema sukari imekwisha. Jambo hili lilimuuma Kasi kuliko ugonjwa wenyewe. Alitaka kumfokea, lakini kufoka kwake kulikuwa kumebaki mnong'ono, na binti akamsogezea sikio aulize amesemaje. Ukigombana na mtu anayekuomba urudie, ugomvi unakufa. Kasi akaenda kulala.

Saluni aliacha kusuka. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango akipokea wateja, na mwenzake, kwa wema, alikuwa akimuuliza mambo aliyoyajua vizuri: dada, njia ipite wapi hapa, dada, huyu kichwa chake tumfanyie nini. Siku moja mteja mgeni aliuliza huku anafungiwa taulo shingoni, "Huyu naye anaumwa nini?" Aliuliza kana kwamba Kasi hayupo. Mwenzake akamjibu kwamba haumwi kitu, ndiye mwenye duka na amekuja kukagua kazi. Kasi alishukuru moyoni, ila tangu siku ile akawa hafiki saluni mara kwa mara.

Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha pale daktari alipopiga simu mwenyewe. Alimweleza mume kwamba hospitali imeanza kutumia programu ya kompyuta inayosoma picha za ubongo na kupima mambo ambayo jicho la mtu haliwezi kuyaona, hasa kwa wagonjwa wa aina hii, ambao dalili zao zinachanganyana. Picha za zamani hazifai, inabidi zipigwe upya kwa namna yake. Alipoambiwa kuhusu programu hiyo, alisema, Kasi alikuwa kati ya wagonjwa wa kwanza kumjia akilini.

Kasi hakutaka. Hukumu alishaisikia na alikuwa ameanza kuizoea, na sasa wanataka aende kusomewa tena, safari hii na kompyuta. Mume alimbembeleza akashindwa. Aliyemfanya akubali ni binti, tena bila kujua. Kasi alimwona siku moja amekunjua ramani ya ule mji wa mbali, anaipitishia kidole taratibu, halafu akaikunja alipomsikia mama yake anakuja. Kasi akawaza kwamba kama kweli kompyuta inajua, basi iseme imebaki miaka mingapi, ili mtoto huyu apange maisha yake kwa kujua. Akamwambia mumewe aite gari.

Chumba cha picha kilikuwa na baridi. Mpiga picha, mwanamke mwenye mikono ya haraka, alimlaza kwenye kitanda chembamba, akamziba masikio, akambana kichwa kwa mito midogo pande zote na kumpa mpira wa kubonyeza akishindwa kuvumilia. Kasi aliuliza vipi kuhusu mkono unaocheza. Akajibiwa mkono ucheze unavyotaka, kichwa tu kitulie. Kitanda kikaingia ndani ya mashine na kelele zikaanza, mara kama mtu anayegongomea misumari kwenye bati, mara kama zile za jokofu bovu ambazo mumewe humwita asikilize. Ili asiogope, Kasi alianza kusuka kichwani mwake. Alimchagua mteja mwenye nywele nyingi, akagawa njia kutoka kwenye paji la uso, akaanza mstari wa kwanza karibu na sikio, kwa vidole vile vya zamani. Alikuwa amefika utosini kitanda kilipotoka nje, na alikaribia kukasirika.

Walipoitwa kusikiliza majibu walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa amegeuza kioo cha kompyuta ili nao waone. Palikuwa na picha ya ubongo ya kijivu, na ndani kabisa, karibu na shina lake, vipande vidogo vilivyotiwa rangi. Akaeleza kwamba programu inaangalia jinsi maji yaliyomo ndani ya ubongo yanavyopita katika vipande hivyo, kwa sababu kila ugonjwa kati ya haya unaharibu sehemu zake, kisha inalinganisha na picha za watu wengi ambao ugonjwa wao unajulikana.

"Mimi nikitazama picha yako na ya mtu asiyeumwa, naziona kama mapacha," alisema. "Programu inaona tofauti. Na inasema ubongo wako haufanani na wa wagonjwa wa yale magonjwa niliyokuwa nayaogopa. Unafanana na wa watu wenye Parkinson ya kawaida. Uwezekano ni mkubwa sana."

Mume akasogeza kiti.

"Ile yenye dawa?"

"Ile yenye dawa," daktari akasema. "Lakini subirini kwanza. Programu si hakimu, nayo inakosea. Kazi yake ni kunirudisha nyuma niulize upya. Sasa nataka kuuliza, na safari hii anijibu mama mwenyewe, hata akichukua muda gani."

Akamuuliza alianguka vipi. Kasi akajibu polepole, neno baada ya neno, na daktari alisubiri. Mara ya kwanza aliteleza kwenye maji karibu na sinki, mteja alikuwa amejimwagia dawa ya kuoshea nywele hadi chini. Mara ya pili alijikwaa kwenye mkoba wa mteja ulioachwa njiani. Je, aliwahi kuanguka bila kuteleza wala kujikwaa, akitembea mahali pakavu tu? Hapana, hata mara moja. Kwa mume kuanguka kulikuwa kuanguka tu.

Kisha daktari akauliza juu ya vidonge, alivyokuwa akivinywa, na hapa Kasi aliinamisha macho. Vilimtia kichefuchefu tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo alikuwa akivikata katikati, na ile nusu aliinywa na glasi ya maziwa ili tumbo litulie. Hakusema, kwa kuwa alidhani nusu ni dawa pia, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Daktari alivua miwani akaiweka mezani. Hakumgombeza. Alisema hata kidonge kizima alichompa kilikuwa cha kuanzia tu, kidogo, na alipaswa kukiongeza kabla ya kusema mwili umekataa dawa. Akaeleza kwamba chakula chenye maziwa au nyama kinaizuia dawa hii kupita vizuri, kwa hiyo inywewe kwa maji, tumbo likiwa halina kitu kizito, na kichefuchefu kina dawa yake. Alikuwa anaongea na Kasi, lakini alikuwa kama anajisemea. "Nilikuhukumu kwa dawa ambayo hukuinywa," alimaliza. "Tuanze upya, mama."

Binti akauliza swali ambalo wazazi wake waliliogopa: kama ni hii, ina maana atapona?

"Haponi," daktari akasema. "Sitawadanganya. Nayo itaendelea, polepole, na kuna siku dawa zitahitaji kubadilishwa, na siku nyingine zitamchosha. Lakini ninaongelea miaka mingi ya kutembea kwa miguu yake. Hatuongelei tena kitanda."

Walitoka hadi kwenye korido. Mume alitembea hatua chache, akaegemea ukuta, akaanza kucheka, kicheko ambacho katikati yake kulikuwa na kilio. Binti alimkumbatia mama yake kwa nguvu kiasi kwamba mkoba ulidondoka. Muuguzi aliyekuwa akisukuma kigari cha dawa alisimama, akawaokotea mkoba, akatabasamu akisema hongereni, bila shaka majibu yametoka safi.

"Ana Parkinson," mume akamwambia, akifuta macho kwa kiganja.

Muuguzi akabaki amewatazama, tabasamu limekwama. Kasi ndiye aliyemwonea huruma. "Tulidhani kuna kibaya zaidi," alimnong'oneza, na muuguzi akaitikia kwa kichwa polepole, akasema kwa kweli hapo watu wanaweza kucheka.

Dawa haikufanya muujiza kesho yake. Siku za mwanzo kichefuchefu kilirudi, na asubuhi moja Kasi alikaa na kidonge kiganjani akikitazama, akiwa amejaa hamu ya kukikata. Mume alikuwa mlangoni. Alivuta droo akakitoa kisu kidogo cha jikoni ambacho mkewe alikuwa akikatia vidonge, akakitia kwenye boksi lake la vifaa, akaenda nacho kazini. Kasi akameza kidonge kizima kwa maji. Daktari alimwongezea kiasi kidogo kidogo, kila mara akipiga simu na kutaka kusikia sauti ya Kasi mwenyewe.

Mabadiliko hayakujitangaza. Kasi alikuwa ameamka, amevaa, amekwenda jikoni kuinjika chai, na binti akawa anamfuata kama kawaida ili amfungie vifungo vya gauni, kazi waliyokuwa wameizoea wote wawili. Alifika, akanyoosha mikono, akasita. Vifungo vilikuwa vimefungwa vyote, hadi cha shingoni.

"Baba amekufungia?"

"Baba yako amelala."

Binti aliangalia vifungo, akamwangalia mama yake usoni, na huko akakuta kitu kingine. Kasi alikuwa anatabasamu, uso mzima, na tabasamu halikuwa limechelewa. Chai ilichemka ikamwagika na hakuna aliyeishughulikia.

Siku hizo hizo Kasi alianza tena kugombana vizuri. Sauti ilikuwa imerudi, si yote, lakini ya kutosha kusikika kutoka chumba kingine, na jambo la kwanza alilofanya nayo ni kumwambia binti yake apige simu kule kwenye kazi. Binti akasema nafasi itakuwa imechukuliwa. Kasi akasema apige aambiwe hivyo na wao, si na hofu yake. Akapiga. Ile nafasi ilikuwa kweli imechukuliwa, ila kulikuwa na nyingine inafunguliwa katika mji ule ule, na wakamwambia alete vyeti. Mume alimsindikiza kituoni. Alirudi akajipatia kazi ya kukaza mabomba ya bafuni ambayo hayakuwa yamelegea.

Saluni Kasi alirudi kwa mguu wake, asubuhi, wakati dawa inafanya kazi vizuri. Mwenzake alikuwa anamsuka mteja. Alimwona kwenye kioo kabla ya kugeuka, akaacha msuko katikati, akaangua kilio mpaka mteja akauliza kama kuna msiba. Kiti cha Kasi kilikuwa palepale, kimefunikwa kitambaa. Mikoba ya wateja, alipoangalia, ilikuwa sasa inatundikwa kwenye misumari ukutani, na mbele ya sinki kulikuwa na mpira wa kuzuia kuteleza. Mwenzake alisema aliviweka zamani, alipokuwa hajui kama Kasi atarudi, kwa sababu alishindwa kukaa bila kufanya kitu.

Hasuki tena mistari myembamba ya kubana kichwa. Hiyo aliiacha, na alisikitika siku alipoiacha. Anasuka minene, anasuka watoto wa shule, anaosha na kupaka dawa, na mchana kati ya kidonge na kidonge, miguu ikianza kuganda sakafuni, anakaa. Wateja wa zamani wanamtania kwamba jina limebaki la heshima tu. Anawajibu kwamba zamani walilalamika umbea haumaliziki, sasa wameongezewa muda, wanataka nini tena. Daktari anaonana naye kwa vipindi. Mara ya mwisho alimwambia kwamba siku hizi, kabla ya kuandika neno "anaanguka" kwenye faili la mgonjwa yeyote, anauliza wapi, na sakafu ilikuwaje.

Wiki iliyopita binti alipiga simu mchana. Alikuwa na wasiwasi kidogo, kwa kuwa alikuwa amepiga asubuhi na haikupokelewa. Simu iliita sana. Mwishowe Kasi alipokea, na nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake wanaocheka na mlio wa mashine ya kukaushia nywele.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nilitaka kujua wewe u hali gani."

"Nina kichwa cha mtu mkononi hapa, kiko nusu. Nitakupigia."

Akakata. Binti alikaa na simu sikioni kwa muda, akiwa peke yake kwenye uwanja uliojaa vigingi vya kupimia, kisha akaitia mfukoni akarudi kwenye kazi yake.